Mafuta ya Udi na Suhail ya Tatu

Siku za kazi Wadhah alitoka nyumbani kwake katika mji wa Ibra, Omani, bila manukato, na majirani walishangaa, kwani kwa wanaume wa ukoo wake kunukia ni sehemu ya kuvaa. Mkewe, Rahila, ndiye aliyewaeleza. Mumewe alikuwa fundi mkuu wa injini za roketi zilizojaribiwa jangwani, mbele ya Mudhaibi. Injini hizo ziliitwa Suhail: ya kwanza ilikuwa ndogo, ya pili ina nguvu maradufu, na ya tatu ndiyo iliyotarajiwa kufika angani. Zote ziliunguza mafuta ya taa kwa oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji, na oksijeni hiyo ikikutana na tone la mafuta ndani ya vali, moto huweza kuwaka wenyewe. Wadhah aliwakataza mafundi wake hata losheni ya mikono. Walimtania kuwa ana wasiwasi wa mtu asiyemaliza kutawadha.

Siku ya kuwashwa Suhail ya tatu walialikwa wakubwa. Rahila alimpigia pasi kanzu mpya, akataka kuichovya furakha, kile kishada cha shingoni, katika mafuta ya udi. Wadhah alikataa.

"Utasimama na wageni unanuka sabuni?" Rahila alimwambia. "Watasema huna mke."

Akacheka, akamwachia. Kanzu angeivua kabla ya kugusa chochote.

Adhuhuri alipiga simu. Vali moja inavuja, wageni wamekwisha kukaa, amevaa ovaroli juu ya kanzu anakwenda kuitazama mwenyewe. Hakupiga tena.

Moto uliomuua haukuwaachia wachunguzi kitu. Lawama zikamwangukia Humaid, fundi aliyeifunga vali ile. Ikasemwa aliacha uchafu ndani. Alisimamishwa kazi.

Rahila alimweleza mkwewe, Bi Ghanima, habari ya furakha. Ghanima akamjibu kuwa mwanawe amezikwa na jina zuri, basi lisifukuliwe. Rahila alikubali. Naye alitaka watoto wake waitwe watoto wa mtu makini.

Rahila akiwa bado ndani ya eda, Turkiya, mke wa Humaid, aliingia chumba cha wanawake, akakaa chini kabisa.

"Bi Rahila, nimekuja kumwombea mume wangu radhi. Msamehe kosa lake. Mwenyewe sasa anasema mkono wake ndio uliomuua mumeo."

Ghanima alimshika Rahila goti, akalibana.

"Mkono wake ulikuwa safi," Rahila alisema. "Mafuta niliyatia mimi."

Ghanima aliinuka, akatoka. Jioni ile alikwenda kwa binti yake aliyeko mji wa Sur, na mpaka leo hajarudi.

Maneno ya Rahila yaliwafikia wachunguzi, Humaid akarudishwa kazini, na Suhail ya tatu ikaundwa upya, ikawashwa salama. Mlangoni pa uwanja wa majaribio pamebandikwa onyo: hapaingiwi na kanzu wala manukato. Mafundi huliita Kanuni ya Wadhah. Mwanawe mkubwa alilisikia jina hilo shuleni, akaja kumuuliza mama yake baba alikosa nini.

Rahila alimketisha, akamwambia yote.