Nani Aliwapikia Wagiriki?

Shule ilikuwa kwenye nyumba kuukuu huko Bellevue, mtaa wa wahamiaji kusini kabisa mwa Afrika, mali ya mchungaji mmoja kutoka kwetu Kongo. Bango la getini liliahidi elimu ile ile ya kale iliyowalea wakubwa wa Ulaya: Kilatini, Kigiriki, falsafa. Wazazi walifurika, wasusi, walinzi, mafundi cherehani. Mimi nilisoma falsafa Lubumbashi, kwa hiyo nilipewa darasa la wakubwa. Nilifurahi kama mjinga.

Siku moja niliwasimulia habari za yule mzee wa Athene aliyeshinda sokoni akiwauliza watu haki ni nini, ushujaa ni nini, mpaka mji ukachoka naye ukamhukumu anywe sumu. Binti mmoja, mtoto wa fundi cherehani, akanyoosha mkono. Aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto waliozaliwa hapa.

"Madamu, yeye akishinda sokoni, nyumbani nani alikuwa anapika?"

Wenzake wakacheka. Nikamjibu ukweli: wanawake, na watumwa.

"Watumwa? Na hao wenye hekima waliona ni sawa?"

"Wengi waliona ni sawa. Mmoja wao alifundisha kwamba kuna watu wamezaliwa wawe watumwa."

Darasa likalipuka. Kila mtoto alitaka kusema. Sijawahi kuona falsafa ikiwa hai namna ile. Mchungaji akasikia kelele, akaingia, akauliza nani kaanza, kisha akamtoa yule binti akapige magoti uani, kwenye baridi ya Juni.

"Pasta, swali lake ndilo somo lenyewe," nilimwambia.

"Madamu, hapa tunafundisha ustaarabu. Ubishi watajifunza barabarani."

Utotoni mapadri walituimbisha herufi za Kigiriki, na aliyeuliza maana alichapwa rula vidoleni. Walituletea watu waliouliza kila kitu, kisha wakatukataza kuuliza. Na sasa mtu wa kwetu alikuwa anawauzia watoto wetu fimbo ile ile! Nikatoka uani, nikamwinua binti, nikamfunika shali langu.

Mama yake akaitwa. Nilidhani atasimama nami. Akamgeukia mwanawe, "Omba radhi." Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Eish, madamu, mimi ni mgeni nchi hii. Nikimuuliza polisi swali, nalala ndani. Nikimuuliza mwenye nyumba, vitu vyangu vinatupwa nje. Usimfundishe mtoto wangu kuuliza."

Binti akaomba radhi, macho makavu. Mchungaji akatabasamu, akamsifu mama kwa malezi mema. Mama simlaumu, woga wake aliupata kwa kuishi. Lakini yule mwanamume aliuona woga ule, akaufungulia shule.

"Mji ule ulipomhukumu mzee," nilimwambia, "wewe ungekaa kiti cha hakimu."

"Funga mlango ukitoka," akajibu.

Sikuufunga. Siku hizi nawafundisha Kifaransa wafanyakazi wa benki kule Sandton. Shule bado ipo, na imeongeza madarasa. Juzi nilimkuta binti kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, amerefuka. Alinisalimu kwa adabu zote. Nikamuuliza falsafa inaendeleaje.

"Tunakariri tu, madamu."

Nikamwambia amsalimie mama. Nilitembea hadi kwangu meno yamebanana, na hata leo ninapoandika haya hasira haijapoa, wala sitaki ipoe.