Farasi wa Karthago Juu ya Meza ya Chakula

Miaka ya tisini, tulipokuwa tukiishi Brooklyn Park, Amerika, meza yetu ya chakula ilikuwa ya farasi. Sisi wenyewe tulikula mkekani.

Farasi hao walikuwa picha za sarafu za fedha za Karthago, mji wa kale uliokuwa Tunisia ya leo. Upande mmoja kichwa cha mungu mke mwenye masuke nyweleni, upande wa pili farasi, mara peke yake, mara na mtende nyuma yake. Tasnifu yangu ilikuwa kukadiria sarafu hizo zilipigwa ngapi. Hakuna aliyetuachia hesabu, kwa hiyo kinachohesabiwa ni mihuri. Fundi aliweka kipande cha fedha katikati ya mihuri miwili, akapiga nyundo. Kila muhuri ulichongwa kwa mkono, na mkono haurudii kitu sawasawa, kwa hiyo ukikodolea macho sikio la farasi au ukwato wake utajua kwamba sarafu hii na ile ni za muhuri mmoja. Picha zake unaziweka fungu moja. Mwalimu wangu, mzee mpole mwenye masharti magumu, alinikataza kuandika chochote kabla sijayapitia mafungu yote upya, eti kalamu hulidanganya jicho. Nami nilimtii.

Mke wangu alifanya kazi usiku katika nyumba ya wazee kule Golden Valley, mchana akalala. Mtoto wetu wa kiume alikuwa na miezi michache, na tumbo lake lilimsumbua hadi tukawa tunapokezana kumbeba kama mzigo wa moto. Ndipo mama mkwe akaja kutoka Tanga. Tulikuwa tumeshakubaliana kwa simu: atakaa mpaka theluji iyeyuke, kisha atarudi na mjukuu, amlee hadi nimalize shule. Wengi walifanya hivyo. Jirani yetu Mkenya, ambaye naye alikuwa kwenye kazi hizo za wazee, alimpeleka mtoto wake kwa bibi yake Nyeri.

“Tulim-send kwa cucu juu ya kazi,” aliniambia siku moja kwenye maegesho, huku akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. “Saa hii niki-call, ananiita auntie.”

Alicheka, kisha akarudi kukwangua kioo kilichokwisha kuwa safi. Mimi sikumwambia mke wangu maneno yale. Alikuwa ameshalia vya kutosha.

Mama mkwe alimwita mtoto “mume wangu”, kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu. “Mume wangu na mimi tunaondoka,” alikuwa akimwambia kila asubuhi, “tuwaachie hawa baridi lao.” Kila mara tulicheka, nami nikawageukia farasi wangu. Meza yangu hakuielewa kabisa.

“Hizi umeziona,” aliniuliza. “Ambazo hukuziona unazijuaje?”

“Chukulia harusi, mama. Umekaa mlangoni. Ikiwa kila anayeingia umeshamwona ndani, basi watu wamekwisha. Ikiwa kila anayeingia ni mgeni machoni pako, ujue huko nje wamejaa.”

“Basi Amerika watu hawaishi. Kila anayeingia humu kumwona mtoto mimi simjui.”

“Ukishapata idadi ya mihuri, unazidisha kwa sarafu ambazo muhuri mmoja unaweza kupiga kabla haujavunjika.”

“Ngapi?”

“Hakuna anayejua.”

“Kwa hiyo mwisho wake ni kubahatisha?”

“Kubahatisha kwa adabu, mama.”

Alitikisa kichwa kwa huruma. Nadhani aliyemhurumia ni binti yake.

Jumamosi moja nilirudi kutoka chuoni nikaikuta meza inang’aa. Kitambaa cheupe, chupa ya chai, sahani ya maandazi. Wageni walikuwa wanakuja kumwona mtoto, na kwa mama mkwe mgeni hakaribishwi penye makaratasi. Farasi wote, kazi ya tangu majani yalipoanza kupukutika, walikuwa ndani ya kopo la biskuti. Na alikuwa amewapanga, mwenyewe akaniambia kwa fahari: wenye mitende huku, wasio na mitende huku, waliochakaa chini kabisa.

Mkwe hafokewi. Nilisema, “Ahsante, mama,” nikatoka nje bila koti, nikasimama kwenye theluji nikiwatukana farasi kwa Kiswahili na Kizigua. Baridi ndiyo iliyonirudisha ndani. Niliwapokea wageni, nikala maandazi manne kwa hasira.

Jumatatu nikaanza upya. Mke wangu alikuwa amelala, mama yuko jikoni, na mtoto akaanza kulia. Nikamchukua. Ukimbeba ukatembea alinyamaza. Ukikaa tu, anaanza. Nilijaribu kupanga picha kwa mkono mmoja, zikaanguka. Mama alinitazama, akaenda chumbani, akarudi na kanga nyekundu. Niliijua. Ilikuwa mbeleko, ile niliyompelekea siku za mahari, kumshukuru kwa kumbeba binti yake mgongoni.

“Inama,” aliniambia.

“Mama, mimi mwanamume.”

“Nimeona. Inama.”

Akamfunga mtoto mgongoni kwangu, akakaza fundo kifuani, akarudi jikoni akicheka hadi akashika ukuta. Na ikawa kazi inakwenda! Meza ile ilitaka kuzungukwa, mtoto alitaka kutembezwa. Nilizunguka na farasi mkononi, nikimweleza mtoto masikio na kwato, naye akinipumulia shingoni. Siku zikapita hivyo. Hapo ndipo nilipoona ufa mdogo kwenye mguu wa farasi mmoja, kisha ufa uleule ukiwa umekua kwenye sarafu nyingine, na nyingine. Mihuri niliyokuwa nimeihesabu mbalimbali ilikuwa muhuri mmoja uliokuwa ukizeeka. Makadirio yangu yote yalikuwa yamevimba. Nilimwambia mama kwamba usafi wake umeniokoa.

“Nilijua,” alisema, na hakuwa anajua lolote. Nilimpenda sana siku ile.

Theluji ikayeyuka. Asubuhi ya safari begi lake lilikuwa wazi kitandani, na nguo za mtoto zimejaa nusu. Mke wangu alikuwa ametoka kazini, sare bado mwilini. Alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa naye mtoto mgongoni, kwa mazoea tu, na sikutaka kumfungua.

Mama alitutazama. Akaanza kutoa zile nguo ndogo, moja moja, akaziweka juu ya mto.

“Zinanijazia begi,” alisema. “Huyu mume wangu nawaachia.”

“Mama,” mke wangu alisema, “tulikubaliana.”

“Tulikubaliana sijamwona baba yake akimbeba. Nikimchukua huyu, mwenzake atazunguka meza na nani?”

Mke wangu aliketi sakafuni palepale, akalia kwa sauti, nami nikainama ili amfikie mtoto. Nilipogeuka kumshukuru mama, alikuwa ametugeuzia mgongo, anahangaika na zipu ya begi ambayo tayari ilikuwa imefungwa.