Karatasi za Kukatia za Shangazi Zaina

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, Shangazi Zaina amekwenda hitima Muheza, nami nimebaki peke yangu nyumbani Ngamiani na ujuaji wangu. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye cherehani, na tayari nilijiona fundi kumshinda aliyenifundisha.

Shangazi alikata vielelezo vya nguo kwenye magazeti ya zamani: mgongo, mbele, mikono. Kila mteja alikuwa na kifurushi chake, kimefungwa kwa kipande cha kitambaa cha nguo yake mwenyewe, kwani Shangazi alisoma chuo cha Kurani tu na hati za shule hakuzijua. Vifurushi vilijaa chini ya kitanda. Mimi nikaona takataka. Nikavifungua vyote, nikapanga mikono na mikono, migongo na migongo, vile vitambaa nikavichoma jaani. Na nikajisifu, wallahi.

Shangazi akarudi Jumanne asubuhi. Hajavua hata baibui, akaingia mama yake Mwanahamisi kutoka Pangani na satini nyeupe ya gauni la harusi la huyo bintiye. Harusi ni Ijumaa, na kitambaa kilitoka Mombasa, hakina cha kuongezea. Sasa huyu Mwanahamisi bega lake la kushoto lilishuka tangu alipovunjika utotoni, na Shangazi alimkatia kwa namna ambayo huwezi kulijua. Siri ya mtungi muulize kata. Kwenda kumpima upya haikuwezekana: bibi harusi ameshawekwa ndani, nyumba imejaa mawifi wa upande wa mume, na hao ndio mama mtu aliowaogopa wasilijue lile bega.

Mgeni alipoondoka, Shangazi akainama kutafuta kifurushi cha Mwanahamisi, chenye kitambaa cha zambarau. Nilitaka kusema panya wamekula. Lakini mficha uchi hazai; nikapiga magoti nikaeleza yote.

Hakunipiga, hata sauti hakupandisha. Aliyatazama matita yangu, kisha akasema, "Wewe umepanga karatasi. Mimi nilikuwa nimepanga watu."

Afadhali angenichapa. Mgongo na mbele alivitambua mara moja, kwa lile bega la chini. Kazi ilikuwa mikono, ilirundikana kama dagaa sokoni, na ukikosea mkono gauni linavuta, siri inatoka nje. Nikalia juu ya ule mgongo wa gazeti, na katika kufuta machozi nikajikuta nasoma habari ya mpira iliyokatwa katikati. Nikamwuliza Shangazi kama mtu mmoja humkatia kwenye gazeti moja. Akajibu, kwani alikuwa na magazeti mangapi ya kuchezea?

Tukatandaza mikono yote mkekani, mimi nasoma, yeye anageuza. Kabla ya adhuhuri nikaupata mwisho wa habari ile kwenye mkono mmoja, kisha mkono wa pili uliopakana nao. Timu yetu ilikuwa imefungwa, na sijapata kufurahia kufungwa kama siku ile.

Ijumaa Mwanahamisi alitolewa na mabega sawasawa. Wifi mmoja akasifu anavyokaa vizuri ndani ya gauni. Nami nikakaa sakafuni na nguo zangu za harusi, namshukuru Mungu.

Basi mwanangu, karatasi zako zipange kwa mtu, usizipange kwa kipande. Mgongo, mbele na mikono viwe bahasha moja, uandike jina na mwaka, maana mwili hubadilika. Ziweke juu, mbali na mende na unyevu wetu huu wa Tanga. Mkipiga picha kwa simu siwakatazi, ila simu nayo hutumbukia majini. Na kabla hujagusa mpango wa mkubwa wako, uliza, kuuliza si ujinga. Watu hutuvulia nguo tuwapime, mwanangu. Tunachokiona pale ni amana.

Mungu aupe wepesi mkono wako, ayape nuru macho yako, na akusitiri wewe kama unavyowasitiri waja wake. Amina.