Ngozi Aliyoilainisha Nyanya

Juzi mjukuu wangu alisahau siagi kwenye kikaango, akatoka nje kupiga soga na jirani. Harufu ya kuungua ilipojaa nyumba nzima, wengine walikimbilia madirisha. Mimi nilishika kiti kwa mikono miwili na kukanyaga sakafu kwa nguvu zangu zote, nikitafuta freni. Walinicheka mpaka wakashika mbavu. Wewe usinicheke, rafiki yangu. Vuta kiti, nikueleze huyu bibi kizee alikuwa anashuka mlima gani.

Tulikuwa tukikaa Kingi, huko Masisi, miaka ile baada ya vita vya Wazungu. Papa alikuwa fundi wa mbao, na wakati wa vita walimchukua kwenye makamyo ya jeshi, akarudi anajua kuendesha. Nyanya, mama yake Papa, alikaa nasi katika ua mmoja. Kazi yake ilikuwa kulainisha ngozi za kubebea watoto. Wanawake walivuka vilima viwili vitatu kumletea ngozi ngumu. Yeye alizipara, akazipaka siagi ya ng'ombe kutoka kwenye kibuyu chake, akazisugua kwa viganja siku nzima huku akinung'unika wimbo wake, mpaka ngozi ikakunjika kama shuka. Mimi mwenyewe nilibebwa katika mojawapo.

Mama hakuwa mtu wa mlimani. Alitoka chini, Walikale, upande wa Mpofi, kwenye joto na michikichi, ambako Papa alikuwa amekwenda kupasua mbao. Nyanya hakumpenda, na hakujisumbua kuficha. Alimwita mutoto ya pori. Chumvi ya maharage yake ilikuwa haitoshi, na ikitosha ilikuwa imezidi. Huko kwetu mke akishazaa mtoto wa kwanza, mama mkwe humpaka siagi mabegani na mikononi, watu wote waone kwamba huyu sasa ni wetu. Washenga waliokwenda kumposa Mama waliwaahidi wazazi wake hivyo hivyo. Nilizaliwa, nikatambaa, nikaota meno na kung'oka meno, na Mama alikuwa bado hajapakwa. Hakuwahi kulalamika mbele yangu, ila Nyanya alipofungua kibuyu kile, Mama aliondoka uani.

Gari lilitoka kwenye plantasyo, shamba kubwa la pareto la Mzungu mmoja. Lilikuwa dogo, la zamani, lenye nyuma wazi ya kuwekea mizigo, na mwenye plantasyo alikuwa ameliacha kwenye banda tangu kabla ya vita. Alipokuwa anarudi kwao alimwambia Papa alichukue, ikiwa anaweza kulitoa pale. Nadhani alikuwa anatania. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva, na mbao za ubavuni zilikuwa zimeliwa na mchwa. Vijana wa Kingi walilivuta kwa kamba hadi kwetu, na kwa muda mrefu lilikuwa mchezo wa Papa wa Jumapili baada ya misa.

Halafu likaja neno. Wachuuzi wa samaki wakavu na mawese waliopanda kutoka chini walisimama uani kwetu bila kutua mizigo. Mmoja alimwambia Mama, "Mama yako iko analala tu. Haamuke tena. Anasema anataka kukuona na macho yake."

Kutoka Kingi hadi Mpofi watu walitembea, lakini Mama hakuweza. Mguu wake ulivunjika akiwa msichana, ukaungwa vibaya. Hata mtoni alikwenda akijikokota. Makamyo ya madini yalipita barabarani, ila hayakuchukua watu kama sisi. Papa alitazama mguu, akatazama gari.

"Nitakupeleka na hii motokari," akasema.

"Ile iko mufu, Papa," Mama akamjibu.

"Basi nitaifufua."

Kuanzia siku hiyo mchezo ukaisha. Papa alichonga ubavu mpya kwa mbao. Tundu la tangi la petroli aliliziba kwa sabuni ya kufulia. Matairi hayakuwa na mipira ya ndani, akayajaza majani makavu na kuyapiga kwa mti mpaka yakashiba. Kila jioni akirudi kazini alizungusha manivela, kile chuma cha mbele cha kuwashia injini. Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Mama alikuwa akitwanga muhogo nyuma ya nyumba, na kila Papa aliposhika manivela, mchi ulisimama hewani. Kimya. Kisha mchi ukashuka tena. Mpaka leo sijui sauti inayoumiza kuliko ile ya mchi unaoanza tena.

Siku moja tulimwona yule mchuuzi wa mawese aliyeleta neno akipanda kutoka bondeni. Alipokaribia kwetu aliacha njia, akakata katikati ya mashamba ya viazi ili asipite uani. Mama alisimama akimtazama hadi akapotea.

"Huyu anajua kitu," akasema. Usiku ule hakula.

Injini ilipowaka hatimaye, kuku waliruka hadi juu ya paa na mimi nikalia kwa furaha. Papa hakucheka. Vile vibati vinavyokumbatia gurudumu kwa ndani ili lisimame vilikuwa vimebaki chuma kitupu, na huwezi kushuka kwenda Walikale bila freni. Alifikiri kutwa nzima, akaamua kuvivika ngozi ya ng'ombe. Akampa Nyanya ngozi mbichi.

"Mama, unitoshee tu manyoya, yaondoke yote. Kisha uikaushe."

Nyanya aliipara, akaiwamba juani. Lakini wakati ngozi inakauka, aliona jambo. Mama alitoa chini ya kitanda chupa yake ya mawese, ile aliyokuwa akiitunza na kuinusa tu siku za kukumbuka kwao, akampa Papa apake vyuma vya magurudumu. Nyanya aliitazama chupa ile ikimiminwa yote. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu chake.

Alipomkabidhi Papa ngozi, ilikuwa imekunjwa vizuri na inang'aa. Papa aliigeuzageuza.

"Iko laini," akasema polepole.

"Ngozi yangu haijaumiza mutoto ya muntu," Nyanya akajibu, na uso wake ulikuwa na fahari.

Papa alijua mbao, ngozi hakuijua. Tena Mama alikuwa amesimama mlangoni na furushi la nguo kichwani, na macho yake yalikuwa kwenye barabara. Papa akakata vipande, akavipigilia kwa misumari ya shaba. Alilijaribu gari uani, likasimama sawasawa. Alfajiri tukaondoka, Papa na Mama mbele, mimi katikati yao.

Barabara ya kushuka msituni ilikuwa nyembamba, gari moja tu. Upande huu ukuta wa mlima, upande ule shimo. Kwa hiyo juu kulikuwa na mti uliofunga njia na mlinzi mwenye ngoma, na chini vivyo hivyo, karibu na kivuko. Gari likitaka kushuka, mlinzi wa juu aliuliza kwa ngoma, wa chini akajibu kama njia ni tupu. Siku hiyo ngoma ya chini ilijibu haraka, na mlinzi wa juu akainua mti.

"Mushuke pole," akatuambia. "Chini kuko soko. Bantu baliketi mu barabara."

Mwanzoni ilikuwa raha. Ukungu wa kwetu ulibaki nyuma, hewa ikapata joto, nikaona michikichi ya kwanza na Mama akanionyesha kwa kidole. Kisha nikasikia harufu nzuri, na njaa ikaniuma.

"Papa, nani anapika?"

Kwenye mteremko ule hapakuwa na nyumba hata moja. Papa alivuta pumzi puani, na nikauona uso wake ukibadilika. Akakanyaga freni. Gari halikupungua. Akakanyaga tena, akavuta na ile ya mkono, moshi mweupe ukatoka kwenye magurudumu, na siagi ikanukia kuungua kama jikoni siku ya sikukuu. Akaingiza gia ya chini, injini ikapiga kelele, na bado tulikuwa tunakimbia.

Kati ya miti nikaona mto chini, nikaona mti wa mlinzi, na nyuma yake wanawake wa soko wameketi barabarani na vikapu vyao, watoto mapajani. Hatukuwa na honi. Mlinzi wa juu lazima aliuona moshi, maana ngoma yake ilianza kulia ovyo, bila kupumzika. Wale wanawake waliisikia. Wakasimama kuisikiliza, palepale barabarani.

Mama alinibana kifuani. Papa alisema kitu kimoja tu, "Mushikamane," akazungusha usukani kuelekea mlimani.

Tuliingia kwenye matete, tukakwaruza udongo mwekundu, ubavu mpya wa mbao ukapasuka wote, na gari likasimama limeegemea ukuta wa mlima. Nilijipapasa nikajikuta mzima. Mama alikuwa anatoka damu kwenye paji la uso. Kitu kilikuwa kinadondoka chini ya gari, tone kwa tone, na hakikuwa petroli.

Papa alifungua gurudumu. Mama akachuchumaa kando yake, akapitisha mkono kwenye ile ngozi ya moto, akanusa vidole.

"Alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Alitaka nisifike kwa mama yangu."

"Mama yangu hana ile roho."

"Mafuta ya ng'ombe ni ya nani, Papa? Ni mimi niliipaka?"

Papa aliinamia gurudumu, akaanza kung'oa misumari. Mimi niliogopa maneno yale kuliko nilivyoliogopa shimo, kwa sababu ua wetu ulikuwa mmoja, na nilijua tutarudi humo.

Mlinzi wa chini alipanda mbio, wanawake wakimfuata. Alikuja na matusi mdomoni. Mama akamjibu kwa lugha ya kwao, na matusi yakakatika. Alimuuliza ni binti wa nani. Mama alipomtajia, yule mtu akavua kofia yake.

"Mukaze roho," akasema. "Waliotoka Mpofi jana banasema angali anapumua."

Papa alimwonyesha freni. Mlinzi akaenda kwenye kibanda chake, akarudi na ngoma kuukuu iliyopasuka, iliyokuwa ikining'inia juu ya moto wake sijui tangu lini. Ngozi yake ilikuwa kavu na ngumu kama ubao. Papa alipoigonga kwa ukucha ilitoa sauti. Waliikata, wakavivika vile vibati tabaka mbili. Mama alikaa pembeni kwenye jiwe, mikono yake imejaa siagi mpaka viwikoni kwa kumsaidia Papa kung'oa ile ya kwanza. Aliifuta kwa majani, ikakataa kutoka.

Tukashuka polepole, freni zikilia, tukavuka mto kwenye mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa mbao huku wavushaji wakiimba. Tulifika Mpofi jua likielekea kuzama. Mama alishuka kabla gari halijasimama. Sikujua kwamba anaweza kukimbia na mguu ule.

Mama yake alikuwa kitandani, amenywea akawa mdogo kuliko mimi, na macho yake hayakuona tena. Tulikuwa tumechelewa kwa macho. Alimshika Mama mkono, akaupapasa kutoka vidoleni hadi begani, kisha akauleta puani. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Unanukia siagi," akasema. "Balikupaka?"

Nilimtazama Mama, damu imemkauka usoni, na nikaogopa atakachosema.

"Ndiyo, Mama," akajibu. "Mama mukwe alinipaka."

"Basi washenga balisema kweli," yule bibi akasema, na akalala. Hakuuachia mkono ule. Tulikaa naye mpaka alipotuacha, na Mama hakunawa mikono hadi tulipomzika.

Tuliporudi Kingi, Nyanya alitusikia kutoka mbali, maana gari halikuwa na siri. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua. Aliona kovu la Mama, akaona kitambaa cha msiba. Hakujua aanzie wapi. Aliuliza kitu pekee alichokijua.

"Na ngozi? Ilikuwa laini?"

Njia nzima Mama alikuwa hajataja jina la Nyanya hata mara moja. Papa alishika usukani ingawa injini ilikuwa imezimwa. Mama alimtazama mama mkwe wake, akatazama mikono yake yenyewe.

"Ilikuwa laini, Mama," akasema. "Laini sana."

Hakuna aliyemwambia Nyanya ukweli, mpaka kufa kwake. Ngozi iliyobaki baada ya Papa kukata vipande, Mama aliichukua, na mdogo wangu alipozaliwa alibebwa humo. Asubuhi alipobebwa mara ya kwanza, Nyanya alimpaka Mama siagi mabegani, mbele ya watu, na Mama hakuondoka uani.

Gari lile lilitutembeza miaka michache, kwenye misheni, sokoni, Mpofi mara mbili zaidi, kisha kuku wakarudi kwenye kiti chao. Ngoma za barabarani hazipo. Barabara yenyewe pia, sehemu nyingine huioni. Watu wa Kingi wametawanyika, na watoto siku hizi wanabebwa kwa vitenge. Siulizi nani bado anajua kusugua ngozi, naogopa jibu.

Juzi, moshi ulipoisha, mjukuu wangu aliniona nafuta machozi, akadhani ni siagi yake. Nikamwambia afungue sanduku langu, atoe kilichokunjwa chini kabisa. Alikishika, akakipapasa.

"Nyanya," akasema, "hii kitu iko laini."