Waliomnukuu Daktari

Nilisikia kicheko cha Daktari kwenye korido kabla sijamwona, kicheko kilekile cha enzi nilipokuwa mwanafunzi wake hapa chuoni Kesses. Wakati huo hakusaini tasnifu yoyote ya mahindi mpaka mwandishi wake ainukuu makala ya Daktari mwenyewe. Mimi nilikataa, kwa sababu vipimo vyake havikulingana na hali ya mashamba niliyoyatembelea. Akaninyima saini. Nikaacha sayansi, nikageukia riwaya, lakini kinyongo sikukiacha.

Siku hiyo alikuwa mbele ya jopo, katika mhadhara wa wazi, akiutaka uprofesa. Nilikaa nyuma nikilinoa swali langu kama panga.

“Makala hii imenukuliwa kuliko nyingine yoyote idarani,” alisema kwa madaha. “Huo ndio ushawishi.”

Nikainua mkono. “Daktari, kati ya wote waliokunukuu, yupo hata mmoja ambaye hakuhitaji saini yako?”

Akanitambua. “Kumbe ni wewe! Si ulienda kutunga hadithi za sungura?”

Watu wakacheka. Nikawaacha wamalize.

“Nilienda, Daktari. Na sungura wako, hao waliokunukuu, nimewasoma wote. Nitajie mmoja tu ambaye hakuhitaji saini yako.”

Akaipekua orodha ya majina kwenye kompyuta yake mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo. Mama aliyeongoza jopo aliweka kalamu chini.

“Tutaendelea ukimpata huyo mmoja, Daktari.”

Daktari akaifunga kompyuta yake, akapita kando yangu bila kunitazama, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa kishindo nilichokuwa nimekingoja miaka yote hiyo.