Kengele Tatu za Mashine ya Gololi

"Fundi, zile kengele zilijitoa zenyewe?" Alifuta mikono kwenye ovaroli.

Baba aliicheza mashine hii ya gololi ujanani, katika ukumbi wa Makongeni, akainunua ukumbi ulipofungwa. Siku hizi haoni. Anachotaka ni kusikia tena gololi ikigonga kengele zake tatu. Nilimpelekea fundi wa Ziwani afufue mota. Nilipoenda kuichukua, kengele hazikuwamo.

"Siste, ilikuja hivyo. Vitu vya kitambo hukosa vipande."

"Na mbona nyaya zinang'aa pale zilipokatwa? Shaba iliyokatwa kitambo huwa imeingia weusi."

"Kwani huko chuo mnasomea waya siku hizi?" Mafundi wenzake wakacheka. Yeye akarudi nyuma polepole, akakalia sanduku la vyuma vikuukuu.

Msomaji, fundi akikosa jibu hukuuliza umesomea nini.

"Fundi," nikamwambia, "inuka hapo, tafadhali."