Sailensa Zilizotundikwa Ukutani

Habari za kifo chake zilinifikia kwa kinyozi wangu wa Albert Park, hapa Durban, wembe ukiwa shingoni, kwa hiyo sikuweza hata kugeuza kichwa. Fundi wa mabomba ya moshi kule Umbilo ametutoka, kifua kimemshinda. Hakuwa rafiki yangu. Alikuwa mtu wa kusalimiana na kubishana naye, basi, lakini niliumia kuliko nilivyotarajia.

Wengi wenu mlimjua kwa kelele zake bila kumjua yeye. Vijana walimpelekea magari, naye akawakatia sailensa, lile kopo la chini linalomeza mlio, akaweka bomba tupu, na gari lililotoka dukani na adabu zake likaanza kunguruma hadi vioo vya ghorofani vikatetemeka. Lakini hakutupa hata sailensa moja. Kila moja aliitundika ukutani na kuiandika kwa chaki jina la mwenyewe, maana alijua atarudi. Na walirudi. Askari wakianza msako, foleni ilifika nje ya gereji. Msako ukipoa, walewale walirudi kukatiwa tena. Mjanja yule alikula pande zote mbili, wala hakuona haya kuniambia.

Siku moja nilimkuta akimsikiliza kijana aliyetoka Johannesburg na gari la kunguruma. Njia nzima askari walimpungia mkono, na hapa Durban wakamshika kwenye robot ya kwanza, taa ikiwa bado nyekundu. Fundi alicheka mpaka akakohoa, akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa. "Loi iko moja, petit. Masikio ya bapolisi ndiyo iko mingi." Nami nilicheka, ila neno lile halikunitoka. Sheria ni ya nchi nzima, lakini huku wanasikiliza mlio, kule wanatazama tairi, na kwingine hawatazami kitu. Matokeo yake tumejifunza kumwogopa askari wa jimbo fulani, na jirani hatujajifunza kumwonea huruma popote.

Alikaa na mkewe chumba cha juu ya gereji. Alipozidiwa alilala huko, asiweze kushuka, na vijana kwa mapenzi yao wakawa wanapita chini na kukanyaga mafuta ili kumsalimia. Kila alipopata lepe la usingizi, salamu ilimwamsha. Nilipokwenda kumjulia hali alinishika mkono. "Mzee, bile nilikata kule chini, sasa binanirudilia huku juu." Mkewe aligeukia dirishani akalia. Alichotaka mumewe kilikuwa kulala tu, naye hakuwa na namna ya kumpatia.

Hapa kwetu mtu wa magari akifa, wenzake humsindikiza kwa kunguruma na kuzungusha magurudumu hadi moshi utande. Nami nilijua hivyo ndivyo atakavyozikwa. Nikamwambia kinyozi asihangaike kunipitia: msafara utapita Umbilo Road chini ya fleti yangu, nitausikia ungali mbali, nitashuka. Siku ya mazishi nikavaa suti, nikakaa dirisha likiwa wazi, nikasikiliza. Sikusikia kitu. Nikawalaumu moyoni kwa kuchelewa, kama kawaida yetu. Simu ilipolia, kinyozi aliuliza niko wapi. Wao walikuwa makaburini tayari.

Nilifika kaburi likiwa limekwisha kufukiwa. Ndipo kinyozi akanieleza kwamba vijana walipokwenda kumweleza mjane walivyojiandaa, aliwafungulia gereji akawaonyesha ukuta. "Kila mutu achukue yake, airudishe. Alitaka kulala. Mumuache alale." Hawakubishana. Waliingia chini ya magari yao wenyewe kwa wenyewe, fundi akiwa hayupo, na kesho yake wakampitisha mjini polepole bila mngurumo, hata chini ya dirisha langu. Hakuna askari aliyewaamuru.

Nimeona aibu na nimefarijika, yote mawili. Sailensa zile zilitundikwa pale miaka yote, kila moja na jina lake, zikingoja msako. Ninyi wenye magari mnaonisoma, juu ya barabara mnayopita leo kuna mgonjwa msiyemjua. Msingoje kumzika ndipo mmwache alale.